Fundi afunzwe kuuliza kabla ya kupigilia msumari

Yeyote aliyepita katika barabara ya Kakamega kwenda Webuye siku ya soko la Lubao amejionea jambo ambalo ni nadra kulikuta kwingine nchini. Lubao huuzwa mahindi, kuku na nguo za mitumba kama katika masoko mengine ya Magharibi, lakini kilicholipa soko hilo jina ni biashara ya mbwa. Wauzaji huja na mbwa wao wakiwa wamefungwa kamba shingoni, nao wanunuzi huwazunguka pasipo haraka. Mnunuzi humtazama mbwa meno, humkagua miguu, huuliza umri wake, na huuliza kama mama yake alikuwa mlinzi au mwindaji. Asiporidhika huenda zake mikono mitupu, akarudi siku nyingine ya soko.

Mnunuzi huyo huyo, akiwa njiani kurejea nyumbani, hupitia duka la vifaa vya ujenzi, akamkuta kijana ameketi juu ya mfuko wa saruji, akamkabidhi kazi ya kuweka dari na kutandaza nyaya za umeme katika nyumba ya mama yake mzazi. Swali analomuuliza ni moja tu: "Utanifanyia kwa pesa ngapi?" Haulizi kijana alijifunzia wapi. Haulizi ana cheti gani, wala nani atagharimia matibabu iwapo msaidizi wake ataanguka kutoka ngazini. Mbwa amehojiwa nusu saa. Fundi amehojiwa nusu dakika.

Sisemi haya kwa kuwadhihaki watu wa Lubao. Kosa hilo nimelitenda mimi mwenyewe, tena nikiwa na kalamu mkononi, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa miongoni mwa walimu waliosimamia ukarabati katika shule moja ya bweni. Magodoro na masanduku ya wanafunzi yalikuwa yakiibwa usiku, wazazi wakilalamika kila mkutano. Tukaamua madirisha yote ya bweni yatiwe vyuma, na mlango wa nyuma uzibwe. Tulimwita fundi kijana aliyekuwa amemaliza mafunzo yake katika chuo cha ufundi cha kijijini. Alipima madirisha, akaandika vipimo katika kijitabu chake, kisha akasimama katikati ya bweni akatazama huku na huku. "Mwalimu," akaniuliza kwa upole, "moto ukizuka usiku, watoto hawa watatokea wapi?"

Nilimjibu kwamba kazi yake ni kuchomelea vyuma, na kwamba usalama wa wanafunzi ni kazi yetu sisi walimu. Akanyamaza. Alitufanyia kazi safi, nasi tukamlipa. Nilitia sahihi hati ya malipo bila mkono kutetemeka.

Usiku wa Machi 25 kuamkia Machi 26, 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, liliteketea. Wavulana 67 walikufa. Moto ule uliwashwa makusudi, lakini kilichougeuza kuwa maangamizi ni mlango uliokuwa umefungwa na madirisha yaliyokuwa na vyuma. Nilisoma habari ile gazetini katika chumba cha walimu, nikalikumbuka swali la kijana yule neno kwa neno. Wiki hiyo hiyo tulimtafuta, akaja na msumeno wa chuma kukata vile alivyovichomelea. Hakunilaumu. Laiti angalinilaumu, ningalipata nafuu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mbona kijana yule alinyamaza? Swali lake lilikuwa sahihi kuliko maamuzi ya kamati yetu nzima. Jibu nililolipata ni kwamba chuoni alifundishwa kupima, kukata na kuchomelea, lakini hakufundishwa kwamba kuuliza swali lile ni sehemu ya ufundi. Alilitoa katika busara yake ya kuzaliwa, na busara isiyo na mafunzo nyuma yake hunywea mara moja ikikemewa na mkubwa. Laiti angalikuwa na kanuni ya kunionyesha, au fomu ya ukaguzi ambayo sharti niijaze kabla hajaanza kazi, mimi ndiye ningalinyamaza.

Hoja yangu leo ni hiyo. Mafundi na wanakandarasi wanaofanya kazi za ndani ya majengo, yaani wa dari, vigae, rangi, milango, ngazi, nyaya na mabomba, wafundishwe kutambua na kudhibiti hatari kwa uzito ule ule wanaofundishwa nao kutumia msumeno na mwiko. Aidha, sisi tunaowaajiri, hasa wakuu wa shule na kamati zetu, tufundishwe kuyajibu maswali yao.

Kwa nini nazungumzia kazi za ndani hasa? Kwa sababu jengo linapoporomoka, taifa zima husikia. Jengo la Huruma jijini Nairobi lilipoanguka usiku wa Aprili 29, 2016, na kuua watu zaidi ya 40, kila mtu alizungumza kuhusu misingi na nguzo. Hatari za ndani hazina kishindo. Hukaa kimya nyuma ya rangi nzuri. Waya mwembamba uliofichwa juu ya dari haumtishi mtu yeyote, na mlango unaofunguka kuelekea ndani huonekana mlango kama mlango mwingine, mpaka siku ambayo watu hamsini wanausukuma kwa pamoja kuelekea nje.

Katika kaunti yetu tunao ukumbusho mchungu. Jioni ya Februari 3, 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakishuka kutoka madarasa ya ghorofani wakaangukiana katika ngazi. Watoto 14 walipoteza maisha. Sina nia ya kumnyoshea mtu kidole wala sidai kwamba fundi fulani alikosea. Ninachosema ni kwamba upana wa ngazi, kimo cha kila kipandio, mkono wa kushikilia na mwanga wa kumwonyesha mtoto anapokanyaga ni mambo ya ndani ya jengo. Huamuliwa na watu wenye futikamba. Watu hao wanastahili kufundishwa kuwawazia watoto mia tatu wanaoshuka kwa pamoja kengele inapolia, pasi na kumfikiria tu mkaguzi mmoja anayepanda polepole akiwa na karatasi zake.

Wala tusidhani kwamba balaa hii ni ya nchi maskini pekee. Juni 14, 2017, jumba la Grenfell jijini London liliwaka moto na kuua watu 72. Jengo lenyewe lilikuwa limesimama imara tangu miaka ya 1970. Moto ulisambazwa na mabamba yaliyobandikwa kwenye kuta za nje wakati wa ukarabati uliokamilika mwaka 2016. Waliolirembesha ndio waliolivika joho la kuwakia. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi ilitolewa Septemba 4, 2024, nayo ilieleza kwa kirefu jinsi kila aliyehusika alivyodhani kwamba usalama ulikuwa jukumu la mwenzake. Usiku uliofuata, wa Septemba 5, bweni la shule ya Hillside Endarasha huko Nyeri lilishika moto. Wavulana 21 walikufa. London na Nyeri ziko mbali, lakini somo lilikuwa moja na lilifika kwa siku mbili mfululizo.

Msomaji huenda akauliza: je, hatuna sheria? Tunazo, tena za kutosha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri akadirie hatari zilizopo mahali pa kazi na azikinge, nayo haikumsahau mtu anayejiajiri mwenyewe. Kanuni za mwaka 1984 zinazohusu kazi za ujenzi zinazungumzia majukwaa, ngazi na kinga za kuzuia mtu kuanguka. Sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huwasajili wanakandarasi katika madaraja manane na kuwaidhinisha mafundi stadi pamoja na wasimamizi wa ujenzi. Sheria hiyo inaipa Mamlaka wajibu wa kukuza na kuratibu mafunzo ya mafundi hao. Kwa upande wa umeme, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli ndiyo inayotoa leseni kwa mafundi wanaotandaza nyaya.

Kwa shule zetu upo Mwongozo wa Viwango vya Usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008. Unasema wazi kwamba milango ya bweni iwe na upana wa futi tano au zaidi na ifunguke kuelekea nje. Kwamba bweni liwe na mlango kila upande na wa dharura katikati. Kwamba madirisha yasiwe na vyuma. Kwamba nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2 na njia ya kupitia isipungue mita mbili. Mwongozo huu umekuwapo kwa zaidi ya miaka 15. Nathubutu kuuliza: ni fundi yupi wa Lubao, Malava au Shinyalu aliyewahi kuuona? Aghalabu hukaa katika kabati ya mwalimu mkuu, chini ya kumbukumbu za mikutano. Anayechomelea vyuma vya madirisha hajausoma, na aliyeusoma hashiki mashine ya kuchomelea. Kati ya wawili hao ndipo watoto wetu wanapolala.

Kasoro yetu, basi, ni ya elimu kuliko ya sheria. Ukanda huu wetu una historia ndefu ya elimu ya ufundi. Wamishenari wa Kikweka walipofika Kaimosi mwaka 1902 waliita kituo chao misheni ya viwanda, na useremala ulifundishwa sambamba na Biblia. Baada ya uhuru, ripoti ya mwaka 1966 ya baraza la makanisa ilipouliza vijana watafanya nini baada ya shule, ndipo vyuo vya ufundi vya vijijini vilipochipuka kote nchini. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza useremala na uashi hadi shule za msingi, ingawa baadaye masomo hayo yalipunguzwa kwa kukosa karakana na zana. Chini ya Katiba ya 2010 vyuo vya vijijini vilikabidhiwa serikali za kaunti. Leo hapa Kakamega tuna chuo anuwai cha kitaifa cha Sigalagala, taasisi ya kiufundi ya Shamberere katika eneo la Kabras, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kwa nyumba za kusomea, hatuna njaa kubwa.

Tatizo ni kwamba hatari hufundishwa kama dibaji. Mwanafunzi huambiwa wiki ya kwanza avae viatu vigumu na asichezee mashine, kisha hilo likasahaulika mpaka ukurasa wa mtihani. Mimi napendekeza liwe uti wa mgongo wa kila somo. Nieleze nina maana gani.

Mwanafunzi wa dari anapojifunza kusimamisha ngazi, ajifunze hapo hapo kwamba kwa kila futi nne za kimo, mguu wa ngazi uwe futi moja kutoka ukutani, na kwamba ngazi si mahali pa kusimama kutwa ukiwa umeinua mikono. Kazi ya dari yataka jukwaa. Anapojifunza kuchagua bidhaa, aelezwe kwa nini bamba la jasi huchelewesha moto: takriban sehemu moja katika tano ya uzito wa jasi ni maji yaliyofungamana nayo, na moto sharti uyafukuze maji hayo kwanza kabla ya kupenya. Kisha aonyeshwe jinsi dari ya plastiki inavyoyeyuka na kutoa moshi wa tindikali. Hapo mwalimu wa kemia na mwalimu wa ufundi wamekuwa mwalimu mmoja.

Mwanafunzi wa vigae ajue kwamba vumbi jeupe linaloruka anapokata kigae kikavu lina chembechembe zinazokaa mapafuni maisha yote, na kwamba maji kidogo kwenye kisu cha mashine huliondoa vumbi hilo kwa sehemu kubwa. Mpaka rangi ajue kwamba rangi kuukuu anayoikwangua kwa msasa katika darasa la chekechea huenda ina madini ya risasi, ambayo hudumaza akili za watoto wadogo. Fundi wa umeme azoeshwe kuzima swichi kuu, kuifunga, na kupima kama waya kweli umekufa kabla ya kuushika, hata kama mwenye nyumba anaapa kwamba stima imezimwa. Lakini wote, bila kumbagua yeyote, wafundishwe lile swali la kijana wangu: watu watakaokaa humu watatoka vipi mambo yakiharibika?

Pana hatari nyingine ambayo haimwagi damu lakini huvunja nyumba nyingi, nayo ni ya fedha. Mafundi wetu wengi hufilisika kwa sababu ya makadirio mabaya kuliko kwa sababu ya ajali. Fundi hukubali kazi kwa mdomo. Hupokea arubuni, akaitumia kumalizia kazi ya mteja wa kwanza. Arubuni ya mteja wa tatu ndiyo inayonunua vifaa vya mteja wa pili. Siku mteja mmoja anapochelewa kulipa, mlolongo wote hukatika, naye fundi huzima simu na kuhama mji. Jamii humwita tapeli. Baadhi yao kweli ni matapeli, lakini wengi ni watu ambao hawakufundishwa kuandika makadirio, kutenga fedha za dharura, wala kumwambia mteja, "Mabadiliko haya unayoyataka yana bei yake, tuyaandike tutie sahihi."

Mkataba hauhitaji lugha ya mahakamani. Ukurasa mmoja unatosha kueleza kazi ni ipi, itakwisha lini, malipo yatatolewa kwa awamu gani, nani ananunua vifaa, na kiasi gani cha fedha kitazuiliwa kwa miezi kadhaa ili kasoro zikijitokeza zirekebishwe. Mwalimu wa biashara anaweza kulifundisha hilo kwa vipindi viwili, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kuufanya mkataba huo kuwa zoezi la uandishi. Kwa muda mrefu tumewafunza wanafunzi wetu kuandika barua za kuomba kazi. Tuwafunze pia kuandika karatasi itakayowalinda wakishaipata.

Tena kuna fidia. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, na inamhesabu hata mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Anayelemaa kabisa hustahili fidia ya mapato ya miezi 96. Hebu tufanye hesabu. Tuseme msaidizi wa fundi hulipwa shilingi 500 kwa siku, na hufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 13,000 kwa mwezi. Zidisha kwa 96, utapata shilingi 1,248,000. Fundi aliyepewa kazi ya shilingi 60,000 ya kuweka dari, akamchukua kijana wa jirani amshikie ngazi, amebeba mzigo huo wote mabegani bila kujua. Kijana akianguka na kuvunjika uti wa mgongo, watakaoanguka ni familia mbili. Kwa kawaida zote mbili huishia kuchangisha harambee, na sheria haitajwi hata mara moja.

Nazijua hoja za wanaopinga. Watasema mafunzo na bima ni gharama, na gharama itampandishia bei fundi mwaminifu huku yule asiyejali akichukua kazi zote. Watasema pia kwamba wengi wa mafundi wetu bora hawakwenda chuoni; walijifunza kwa baba zao au kwa kubebea mafundi wakubwa saruji, na kuwadai vyeti ni kuwanyang'anya unga. Hoja hizi zina uzito, na sitazipuuza.

Ya kwanza naijibu hivi: tahadhari nyingi nilizozitaja hazigharimu chochote isipokuwa akili na dakika chache. Kuzima swichi kuu ni bure. Kumwaga maji kwenye kigae ni bure. Kugeuza mlango ufunguke kuelekea nje hakuhitaji bawaba za ziada. Zile zenye gharama, kama bima na jukwaa, zitawezekana tu wateja wakubwa wakikataa kumpa kazi asiye nazo. Na mteja mkubwa katika vijiji vyetu ni nani? Ni shule. Karibu kila kata ina shule inayojenga darasa, inayopaka rangi bweni au inayobadilisha dari. Kamati za shule zikisema kwa sauti moja kwamba hazitamwajiri fundi asiyejaza fomu ya ukaguzi wa hatari, soko lote litabadilika bila askari mmoja kutumwa.

Ya pili naijibu kwa kusema kwamba cheti si lazima kianzie darasani. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani huwapima mafundi kwa vitendo, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na aliyejifunza kazini hazuiliwi kupimwa. Ipo pia sera ya kitaifa ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya shule. Mzee aliyeweka dari kwa miaka 30 bila mtu kuumia anajua mengi kuhusu hatari kuliko mhadhiri. Aitwe chuoni, apewe cheti chake kwa heshima, kisha aombwe awafundishe vijana. Hapo tutakuwa tumemwongezea unga wala hatukumnyang'anya.

Kwa hivyo natoa maombi yangu bila kuzungukazunguka. Serikali ya Kaunti ya Kakamega ianzishe katika vyuo vyake vya ufundi kozi fupi za jioni na za mwisho wa juma kwa mafundi wanaofanya kazi tayari, maana hawawezi kufunga kazi muhula mzima. Kozi hizo zifundishwe kwa Kiswahili na kwa Kiluhya, na zifanyiwe katika majengo halisi. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 utafsiriwe kwa Kiswahili chepesi, utiwe michoro, usambazwe kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ambako mafundi hukutana kila asubuhi.

Walimu wenzangu, hasa mlio wakuu wa shule, ombi langu kwenu ni gumu zaidi kwa sababu linagusa fahari yetu. Fundi akiuliza swali, tusimkemee. Tumtembeze bweni lote, tumweleze wanafunzi ni wangapi na hulala vipi, kisha tumwache aseme. Akikataa kuziba mlango, tuandike katika kumbukumbu za kamati kwamba alikataa na kwa nini alikataa. Najua wezi wapo na wazazi wanalalamika. Wezi wa magodoro huzuiwa kwa mlinzi, kwa taa na kwa ua. Godoro likiibwa litanunuliwa jingine.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba haya ni mambo ya wazee. Walio katika vyumba vya kukodi vilivyojengwa kuzunguka chuo kikuu huko Lurambi wanaishi ndani ya kazi za mafundi hao kila usiku. Kabla ya kulipa kodi, fanyeni kama mnunuzi wa Lubao. Fungueni madirisha mwone kama yanafunguka. Hesabuni milango ya kutokea. Tazameni soketi iliyopata weusi kwa joto. Mwulizeni mwenye nyumba nani alitandaza nyaya zake na kama ana leseni. Na wale mtakaochagua ufundi, ambao natumaini ni wengi, msikubali mtu awaambie kwamba mmeingia huko kwa kushindwa masomo. Fundi wa ndani ya jengo hukabidhiwa uhai wa watu waliolala. Daktari hukabidhiwa mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Fundi wa bweni hukabidhiwa watoto mia moja.

Kijana aliyechomelea vyuma vyetu na kisha kuvikata sasa ni mzee mwenye wanagenzi wake. Mara ya mwisho tulipokutana alikuwa akiweka dari katika duka moja, jukwaa limefungwa vizuri, vijana wawili wamevaa kofia ngumu. Nilipomsalimu aliniamkua kwa adabu ile ile ya zamani, kisha akamgeukia mwenye duka aliyekuwa akitaka mlango wa nyuma uzibwe ili apate nafasi ya rafu. Sikusikia yote waliyosemezana. Nilimsikia akisema tu kwamba hawezi kuuziba, na kama ni lazima uzibwe basi atafutwe fundi mwingine. Mwenye duka alinuna kidogo, akakuna kichwa, akatazama mlango, akatazama rafu zake.

Mlango haukuzibwa. Naomba siku ifike ambapo fundi hatahitaji kuzeeka kwanza ndipo apate ujasiri wa kusema hivyo.